Vali ya Akiki

Kwa jina la Mola ashushaye maji kwa kipimo naanza, na rehema zimfikie Mtume wake, jamaa zake na wote waliomfuata kwa wema.

Baada ya hayo: katika ua wa msikiti mmoja mjini Tanga, mwaka wa 1601 wa Hijra, pampu ya mvuke isiyozidi kikombe cha kahawa ilikuwa ikiwanywesha watu mia mbili. Boila yake ya shaba ilichemka juu ya makaa ya vifuu. Mvuke ulisukuma pistoni nene kama kidole gumba, nayo ikavuta ufito mwembamba ulioshuka ndani ya bomba hadi kwenye maji matamu, chini kabisa ya yale ambayo bahari ilikwisha kuyatia chumvi. Bomba lenyewe lilikuwa jembamba, ndoo haikupita. Tuku, tuku, tuku: kila pigo, funda moja.

Kwa siku tatu hapakuwa na chombo kingine cha kuvuta maji. Dhoruba ya jua ilikuwa imeunguza nyaya za mji, mashine kubwa zote zikanyamaza. Watu walitayamamu kwa udongo ili maji yabaki ya kunywa.

Wahusika wa kisa hiki ni watatu. Fundi Mwinyikombo, mzee wa miaka sabini na minne, ndiye aliyeiunda pampu hiyo katika karakana ya nyumbani kwake. Mkewe, Bi Mwanatumu, aliishi kwa figo ya nje, yaani mashine iliyofungwa kiunoni ikisafisha damu yake. Maalim Nasibu alikuwa imamu. Yuko na wa nne asiye mtu: Msikizi, chombo kilichotundikwa ukutani mwa kila nyumba, kikihifadhi kila neno litamkwalo humo. Tangu kilipokuja, watu waliacha kujichosha kukumbuka.

Siku ya nne asubuhi, vali ya figo ya nje, kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, ilipasuka. Vali moja tu mjini ingefaa badala yake: ile iliyokuwa ndani ya pampu, ambayo Fundi aliisaga kwa mkono siku nane kutoka katika akiki ya pete yake. Kuitia katika figo kulitaka ichongwe upya, na ikishachongwa isingefaa tena kwenye pampu.

Fundi akamwendea imamu.

"Maalim, pampu ile ni yangu au si yangu?"

"Waniuliza mimi? Si wewe uliyeileta?"

"Niliileta Ijumaa, kabla ya dhoruba. Sikumbuki kama niliitamkia wakfu au nilinuia moyoni tu."

Maalim akavua miwani. "Ikiwa ulinuia tu, ni mali yako. Ichukue sasa hivi, wala mtu asikulaumu. Ikiwa ulitamka, imekwisha kutoka mikononi mwako. Ni ya hawa wenye kiu, na baina yao wamo wachanga. Sina kalamu ya kuifuta. Kumbuka, ndugu yangu."

Fundi akajaribu. Aliuona mlango, akalihisi joto la shaba kiganjani. Sauti yake mwenyewe hakuisikia. Alirudi nyumbani na, kwa mazoea, akautazama ukuta. Msikizi hakuwa na umeme.

Bi Mwanatumu alikuwa karakanani, juu ya mkeka, akishona kofia.

"Wewe na vipampu vyako! Chumba chanuka vifuu kama jiko la harusi. Mbona wasimama kama mgeni?"

"Mama Subira, Ijumaa ile nilipotoka na pampu, nilisema nini?"

"Kwani kuna nini?"

Akamweleza yote, hakumficha kitu. Sindano ikasimama.

"Foleni ya maji leo imefika wapi?" akauliza.

"Dukani kwa kinyozi."

Akauvuta uzi taratibu. "Ulisema, 'Nimeiweka wakfu kwa wenye kiu.' Ulikuwa hapo kizingitini."

"Una hakika? Huenda ulisikia vingine."

"Mume wangu, mimi sikumkabidhi Msikizi kichwa changu." Akaivua pete yake ya akiki. "Haya, saga nyingine."

Alisaga, macho yakimtoka machozi. Kazi ya siku nane haikukubali kuharakishwa. Siku ya tano ya kusaga, baina ya adhuhuri na alasiri, Mungu alimchukua mja wake Mwanatumu, na jiwe lilikuwa halijatoboka.

Siku ya tatu baada ya maziko umeme ulirudi. Msikizi akaamka, na Fundi akamuuliza kabla hajakaa.

"Ijumaa, saa sita kasorobo," Msikizi akajibu. "Ulisema, 'Bismillahi.' Bi Mwanatumu akasema, 'Usisahau kofia.' Mlango ukafungwa. Hakuna lingine."

Fundi akaketi. Huenda alinong'ona, chombo kisinase. Huenda mkewe aliisoma midomo yake. Au huenda… Wazo hilo hakulimaliza. Akaichukua ile kofia, tundu moja la pambo likiwa bado halijashonwa, akaenda msikitini.

Mifereji ilikuwa ikitiririka tena. Pampu ilikuwa baridi. Akaiwekea mkono, akapaza sauti: "Nimeiweka wakfu kwa wenye kiu, na thawabu zake ni za Mwanatumu."

Maalim akageuka. "Si ulikwisha kutamka, Fundi?"

"Sijui, Maalim. Wallahi sijui."

Ewe Mola, mrehemu aliyetangulia. Na sisi uliotubakisha, utunyweshe maji matamu, utuhifadhie vifuani mwetu maneno ya wale tuwapendao, na yale tusiyoyajua utusamehe. Amin.