Diski ya Mama Immaculate

Diski ya Mama iligoma kufunguka Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa Joyceline, mjini Euless, ughaibuni. Kesho yake ilikuwa misa ya kumkumbuka Mama Immaculate, mwaka mmoja tangu afariki, na video zake zote zilikuwa humo, hata ile ya harusi aliyoimba mwenyewe. Kompyuta ya Windows ilitoa ujumbe mmoja tu: diski haisomeki, iformatiwe kwanza, yaani ifutwe yote na kupangwa upya.

"Usibonyeze chochote, wifi!" Bertila alimdaka mkono. Alikuwa mke wa Erick, kaka yake Joyceline, na kazi yake kule Richardson ilikuwa kompyuta tupu.

"Ni Mutuku," Joyceline alisema, machozi yakimlenga. "Ndiye aliyeiazima."

Mutuku, rafiki wa Erick, alipigiwa simu papo hapo. "Aki mimi nili-copy tu ile wedding nikarudisha. Si Erick aliicheki kwa TV yake Sunday?"

Erick, aliyekuwa ameketi kando, alikubali. Jumapili ilicheza vizuri. Jumatatu akaipeleka kwa Baba, Arlington, na jana jioni akaifuata.

"Basi umeidondosha."

"Dada, naapa sijaidondosha!"

Bertila aliichomeka kwenye laptop yake, inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, kama ile kuukuu ya baba mkwe aliyoifufua mwaka jana. Ikafunguka. Mama alikuwemo, akicheka, amevaa kitenge chake cha kijani. Joyceline alishusha pumzi, kisha akamgeukia wifi yake taratibu.

"Kumbe inafunguka kwako tu?"

Neno hilo lilimchoma Bertila, maana lilikuwa la haki. Diski ile awali aliiformati yeye mwenyewe, kwa mpangilio wa faili uitwao exFAT, makusudi. FAT32 aliikataa kwa kuwa haibebi faili linalozidi gigabaiti nne, na harusi peke yake ilizidi. NTFS ni ya Windows. Linux huisoma, lakini Windows isipozimwa vizuri, Linux inaweza kukataa kuandika humo. exFAT ilikubali pande zote. Sasa diski ilikuwa ext4, mfumo wa Linux, ambao Windows haiutambui. Akatafuta tarehe ulipowekwa. Jumatano.

"Mtu amezitoa video, akaiformati, akazirudisha zote," alisema. "Aliyetaka kuharibu asingejisumbua kurudisha. Erick, Jumatano diski ilikuwa wapi?"

"Kwa Baba," Erick alijibu, na sauti ikamfifia.

Wote watatu wakaingia kwenye gari kwenda Arlington. Mzee Elimringi, mwalimu wa fizikia mstaafu, alifungua mlango kabla hawajagonga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, marahaba. Mmekuja wote!"

Uso ulimng'aa mno, na Bertila akatamani kesi iishie pale. Lakini Joyceline alikuwa bado akimtazama yeye kwa shaka.

"Baba, kwa nini ulichagua ext4?"

Mzee alikaa polepole. "Si ulinifundisha mwenyewe, mwanangu? Ulisema Windows haiioni."

"Baba!" Joyceline alipaza sauti. "Ningebonyeza, je? Tungempoteza Mama!"

"Nakala zote ninazo hapa kwenye laptop. Nilihakiki moja moja." Akapangusa miwani isiyo na vumbi. "Zamani mlikuja kila Jumamosi, tukamtazama mama yenu pamoja. Halafu diski ikaanza kuzunguka, kila mtu akawa anamtazama kwake. Nikasema, ikifunguka hapa tu, mtarudi."

"Ungetuita tu, Baba," Joyceline alisema.

"Niliwaita. Mkaniambia mna shifti."

Erick alikwenda kusimama dirishani, akawapa mgongo. Joyceline alivua koti, akambusu baba yake utosini, akaingia jikoni. Punde wakasikia masufuria.

Bertila alianza kazi: kuhakikisha nakala, kuirudisha diski kwenye exFAT, kunakili upya. Mzee alivuta kiti karibu.

"Itachukua muda gani?"

Laptop ilionyesha dakika ishirini.

"Mpaka jioni, Baba," Bertila alisema, akaufunika mstari wa dakika kwa dirisha jingine la kompyuta. "Tuwekee ile ya harusi tukiwa tunasubiri."