Sahihi ya Jumapili

Kifaa cha setilaiti, kinachoionyesha serikali meli ilipo, kilikuwa kimefunguliwa na kuchukuliwa kutoka paa la meli ya kuvua jodari, pale gati la kisiwa cha Betio. Bolti nne zilipangwa mstari mmoja. Waya haukukatwa, ulichomolewa, na ncha yake ikazungushiwa utepe.

"Saa sita naondoka!" Nahodha Halloran alifoka. "Bila kifaa hicho sheria hainiruhusu kutoka bandarini. Nitafutie mwizi!"

Inspekta Teweia Bauro aliugusa utepe. Mwizi gani huyu anayeukinga waya usiingie chumvi?

"Nani alikikagua mara ya mwisho?"

"Fundi wenu wa serikali, Nei Rotia. Cheti hiki hapa, kina sahihi yake."

Inspekta alikichukua, akaenda ofisini kwa fundi.

Nei Rotia alikuwa anakunywa chai. Kifaa kilikuwa mezani, mbele yake.

"Umechelewa, Ten Teweia," alisema, akimwita bwana kwa lugha ya visiwani. "Chai imepoa."

"Umekichukua wewe?"

"Mimi. Alfajiri, kwa spana yangu."

"Huo ni wizi, dada."

"Andika. Halafu tazama humu."

Lakiri ilikuwa imebanduliwa. Ndani mlikuwa na swichi ndogo, si ya kiwandani.

"Wakikizima kifaa kwa swichi hii, hatuwaoni," fundi alisema. "Wanaingia maji yaliyofungwa kwa meli kubwa, kule kisiwani Abaiang. Kaka zangu wanarudi na mitumbwi mitupu."

"Kwa nini hukuripoti?"

"Nimegundua jana jioni. Ningeripoti, wangeing'oa swichi usiku huohuo. Na cheti wanacho, nilikiona."

"Chenye sahihi yako."

"Yangu? Soma tarehe."

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Siku hiyo Inspekta alishinda kanisani, akiimba sauti ya tatu, na Nei Rotia ndiye aliyemkaripia kwa kuharibu wimbo. Visiwani humu hakuna anayeshika spana Jumapili.

Walirudi gatini pamoja. Nahodha aliposomewa tarehe, alikaa juu ya kreti.

"Nilisaini mimi," alisema. "Jodari wamejaa kule, na meli isiyojaza tumbo inanikosesha kazi. Sikujua mnaangalia siku." Kisha akainuka. "Basi, nitozeni faini. Kirudisheni kifaa paani, niondoke."

"Kitahitaji cheti kipya," Inspekta alisema. "Nei Rotia, mwingine anayeweza kukitoa ni nani?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Utasaini?"

"Sisaini."

"Na wewe nitakushtaki kwa wizi, dada."

"Nishtaki. Lakini mpaka hakimu aseme, fundi ni mimi. Meli hii haitoki."

Akaichomeka kalamu yake kwenye nywele, akaketi juu ya kamba iliyoifunga meli gatini.