Mkono wa Kulia wa Mzee Saa

Aliingia kinyumenyume. Kwanza ulionekana mgongo wa shati la bluu lililojaa vumbi la mbao, kisha visigino vikipapasa kizingiti, na mwisho kiti. Kilikuwa kiti kizito chenye mikono mipana, na katikati ya kikalio chake kulikuwa na tundu la duara lililopigwa msasa mpaka likang'aa. Watu waliokuwa kwenye foleni walimpisha shingo upande. Zilibaki dakika kumi kituo kifungwe.

"Hatupokei vitu hapa, kaka," alisema msichana wa dirishani. "Hapa tunaelekeza tu."

"Sikukuletea wewe. Nimekileta ukione." Mgeni alikitua chini, akafuta jasho kwa kiwiko. "Nimemtengenezea baba. Amepooza upande wa kulia. Kiti nimekiweza. Kumtoa kitandani mpaka akifikie, hapo ndipo ninaposhindwa. Juzi tulianguka wote wawili. Naambiwa wako watu wanaofundisha kumnyanyua mgonjwa. Sitaki kingine, dada. Nataka kufundishwa."

Kwa miaka miwili msichana huyo alikuwa amekaa kwenye dirisha lile. Alishaombwa magongo, miwani, wakili, mahali pa kulala. Hakuna aliyewahi kumwomba afundishwe namna ya kumshika baba yake.

Kituo chenyewe hakikuwa na chakula wala dawa wala blanketi. Kilikuwa na daftari. Humo iliandikwa milango yote ya mjini ambako mtu angeweza kupata msaada: nani anatoa nini, siku gani, ngazi ipi ya kupanda, na jina la kuuliza ukifika. Wenzake walijaza daftari kwa simu. Yeye alikwenda kwa miguu, saa ya chakula cha mchana, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ametoka chuoni akiamini kwamba hakuna mtu asiyeweza kusaidiwa, ila kuna watu walioelekezwa vibaya, na bado aliamini hivyo.

Alimwandikia kadi: zahanati ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, ghorofa ya pili, Jumatano saa tatu, aulizie mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Wewe mwenyewe umefika huko?" seremala aliuliza.

"Simwelekezi mtu kwenye mlango ambao sijaugonga."

"Basi nikiukuta umefungwa, nakurudia wewe."

"Nirudie."

Jumatano, saa nne kasorobo, alikuwa amerudi, safari hii bila kiti, kadi akiishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichooza. Mlango ulikuwa na kufuli. Mtaalamu alikuwa amehamishwa wiki mbili nyuma. "Nilitaka nikasirike," alisema, "lakini nimeona uso wako, nikakuta umeniwahi."

Kweli msichana aliaibika. Saa ya chakula ilipofika alifunga dirisha, akavaa viatu vyake vya kutembelea, wakaondoka wote wawili kwa mwendo wa watu wanaodaiwa. Ofisi ya kwanza iliwatuma ya pili, ya pili ikawatuma ya tatu, na ya tatu ikawarudisha ya kwanza, kabla mfagiaji mmoja hajawaambia kwamba mama wa mazoezi sasa anafundisha kwenye ukumbi wa shule ya ufundi, na asubuhi alikuwa humo.

Walimkuta anakunja magodoro. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na hakufundisha kwa maneno matupu. Alitaka mgonjwa.

"Wewe," alimwambia msichana. "Lala hapo."

Alilala kwenye godoro jembamba, blauzi ya kijani, sketi ya kazini, soksi zimetoboka kidole gumba, akiomba moyoni seremala asione soksi.

"Kunja magoti, mgongo usiupinde," mama alielekeza. "Mgonjwa, mkumbatie shingoni. Hambebani gunia. Mnahesabu pamoja mpaka tatu ndipo mnainuka pamoja."

Walihesabu. Seremala alinukia mbao mbichi na gundi. Kwenye tatu waliinuka, na uso wa msichana ukasimama kwenye kola ya shati lile la bluu, na hakuna aliyekumbuka kuachia.

"Mgonjwa, usicheke," mama alisema. "Na wewe muuguzi, mgonjwa ameshafika. Mweke chini."

Tangu siku ile simu ikawa inalia saa saba kamili mchana. Seremala alimwita Dirisha.

"Dirisha, umekula?"

"Nimekula. Na wewe huko misumari inajigonga yenyewe?"

"Leo inapumzika. Niambie umevaa nini."

"Nina doa la wino mkononi na njaa kichwani. Ila nimeshona gauni la usaili, la rangi ya zambarau iliyoiva, kola ndogo nyeupe. Wakiniita kuniajiri moja kwa moja, nalivaa hilo."

"Usilivae kwanza. Watakuajiri hata kabla hujaulizwa swali, halafu uniache na mbao zangu."

Siku moja ya Jumamosi seremala alimpeleka nyumbani kwao. Baba yake alikuwa fundi wa saa kwa miaka arobaini, na mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichosahau mgeni. Maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho. Aliutazama mkono wa msichana, akasema, "Inachelewa." Saa yake kweli ilikuwa nyuma.

Dirisha alicheka, akamsimulia kwamba hiyo ni afadhali, saa ya ukutani kituoni ilikufa miezi mingi.

"Lete," alisema Mzee.

"Baba, utaifungua kwa mkono gani?" mwanawe aliuliza taratibu.

Mzee aliinua kidole cha kushoto, akaonyesha mkono wa kulia wa Dirisha. Basi wakapatana: Jumamosi ya wiki ile nyingine, saa nne asubuhi, yeye atakuja na saa, na atakuwa mkono wa kulia. Mzee alimtaka arudie ahadi mara mbili.

Kisha ikaja fomu. Kikundi cha wauguzi wanaozunguka majumbani kilitangaza nafasi mbili tu: muuguzi mara mbili kwa wiki, bure. Walioomba walikuwa thelathini na mmoja. Dirisha aliijaza ya Mzee Saa kwa mkono wake mwenyewe, akakwama kwenye swali la mwisho: hali ya anayemuuguza.

Alikumbuka simu ya Jumatatu. Randa ilikuwa imenyamaza nyuma ya sauti ya seremala. "Mpenzi, nikwambie kitu. Siku nyingine kazi inaisha saa kumi, nami nakaa tu karakana natazama ukuta. Si kwamba simpendi. Nachoka kurudi."

"Pole, mpenzi wangu," alikuwa amemjibu, kwa moyo wote.

Aliandika: *Mwanawe amechoka. Kuna siku hataki kurudi nyumbani.* Faili likaruka kutoka nafasi ya kumi na tisa hadi ya pili. Hakumwambia. Alitaka iwe furaha ya ghafla.

Alhamisi, mkaguzi wa kikundi alikwenda kuthibitisha. Alikaa kando ya kitanda na, kama utaratibu wao ulivyo, akasoma majibu yote kwa sauti, moja baada ya jingine, ili familia iseme ndiyo au siyo.

Siku ile simu ililia saa nane.

"Ulikuwa unanisikiliza," seremala aliuliza, "au ulikuwa unaandika?"

Dirisha alishika ukingo wa meza. "Niliandika ili mpate. Faili lilikuwa chini."

"Baba amesikia. Mtu baki amemsomea kama taarifa ya hali ya hewa. Amegeukia ukutani mpaka sasa."

"Nilitaka lipande tu, jamani. Sikujua kama wanasoma."

"Limepanda. Hongera, dada."

Neno *dada* ndilo lililomchoma. Alipiga tena mara saba siku ile, na Ijumaa akapiga mpaka akaona haya mbele ya foleni. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza.

Ijumaa hiyo hiyo jioni, mkuu wa kituo alibandika tangazo. Usaili wa kuwaajiri moja kwa moja wafanyakazi wa mkataba ungefanyika kesho, kuanzia saa tatu. Atakayeitwa asiwepo, jina lake litafutwa mpaka mwakani. Dirisha alikuwa wa pili kwenye orodha. Alipiga hesabu ya haraka: saa tatu na nusu atakuwa ametoka, nusu saa ya kutembea, saa nne kwa Mzee. Saa ya ukutani alikuwa ameshaiomba kwa mkuu, akaifunga kwenye kanga.

Lakini wasaili walichelewa. Saa tatu ikapita. Dirisha alikaa kwenye benchi la korido, gauni lake la zambarau limepigwa pasi mpaka linauma, furushi la saa miguuni. Juu ya mlango, pale saa ilipokuwa, palibaki duara jeupe ukutani, na kila mtu alilitazama kwa mazoea kisha akatoa simu. Aliyemtangulia aliingia saa tatu na dakika ishirini. Saa tatu na nusu hajatoka. Dirisha alisimama, akakaa, akasimama tena. Akampigia seremala. Ikaita mpaka ikakata.

Alijua mzee yule atakuwa ameshanyolewa. Atakuwa mezani, taa imewashwa, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa. Juzi tu amesikia kwamba yeye ni mtu ambaye mwanawe anaogopa kumrudia. Leo mlango usipogongwa, atajua kwamba si mwanawe peke yake.

Aliinama, akachukua furushi.

"Wapi tena?" karani wa mlangoni aliuliza. "Ni wewe baada ya huyu."

"Naomba niingie wa mwisho. Saa sita nitakuwa nimerudi."

"Hakuna wa mwisho hapa. Ukitoka nafuta."

Dirisha alitazama kalamu ikiwa imesimama juu ya jina lake. Miaka miwili ya viatu vya kutembelea.

"Futa," alisema.

Alikwenda nusu kutembea nusu kukimbia, saa imekumbatiwa kifuani, akakatiza gereji, akaruka mtaro, akaomba radhi kwa watu asiowaona sura. Kola nyeupe ililowa. Akagonga.

Seremala alifungua. Taulo ya kunyolea ilikuwa begani. Wakatazamana.

"Sikuja kwako," Dirisha alisema, pumzi zikimkata. "Nimekuja kwa Mzee."

Yeye alikuwa anatazama gauni. Rangi ya zambarau iliyoiva, kola ndogo nyeupe.

"Hilo si la usaili?"

"Ndilo."

"Ni lini?"

"Ilikuwa leo."

Akaegemea mlango kama mtu aliyesukumwa. "Nilimwambia hutakuja," alisema polepole. "Amekaa pale mezani tangu saa mbili. Hataki kuondoka."

Ndani, Mzee Saa hakugeuza kichwa.

"Dakika nne," alisema.

"Nisamehe, Mzee."

"Kaa."

Alikaa kuliani kwake. Mzee alinyoosha kidole cha kushoto, naye akafuata: skrubu hii, kisha ile, polepole, usilazimishe. Mgongo wa saa ukafunguka. Kidole kilikwenda, mkono wa msichana ukaenda nyuma yake, na baada ya muda hawakuhitaji hata maneno. Seremala alisimama kwanza mlangoni, kisha karibu na kabati, na mwisho akajikuta ameshika taa.

"Ile karatasi," Mzee alisema ghafla, macho kwenye magurudumu madogo ya shaba.

Taa ikatikisika.

"Baba, mimi..."

Mkono wa kushoto uliinuka, ukamzuia. Mzee alihangaika na mdomo wake kwa muda, na wote wawili wakangoja.

"Kweli," alisema. "Ibaki. Na mimi... nimechoka... nawe." Akavuta pumzi. "Supu yako."

Seremala alicheka kabla hajajijua, kisha kicheko kikageuka, akaugeukia ukuta huku taa bado ameishika juu, asije akamharibia baba yake mwanga.

Dirisha alimsogelea. "Ilibidi nikuulize kwanza," alinong'ona.

"Ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana ilinipasa niulize. Ulinipa mimi yale maneno, hukukipa kituo."

Seremala alijifuta uso kwa taulo. "Mwakani uvae gauni lile lile," alisema. "Nitakupeleka mwenyewe, nikufungie mlango kwa nje mpaka wakusaili."

"Mpaka mwakani utakuwepo?"

"Nimenyamaza siku mbili, Dirisha, na nimeharibu meza tatu za watu."

Walipozirudisha skrubu, ya mwisho ilikosekana. Seremala alipiga magoti akapapasa sakafu, Dirisha akakung'uta kanga, wakainua mpaka kiti alichokalia Dirisha.

"Imepotea," Mzee alisema kwa utulivu. "Jumamosi."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba ngumi juu ya meza. Kati ya vidole viwili palimeremeta kitu kidogo cha shaba. Seremala alikiona. Akamtazama Dirisha, akajua naye amekiona.

"Jumamosi saa nne, Mzee," Dirisha alisema.

"Bila dakika."

Ikafika zamu ya kumrudisha kitandani. Seremala alikunja magoti, mgongo wima. Dirisha alipita upande wa kulia, akaubeba ule mkono uliolala ili usibaki nyuma. Wakahesabu watatu pamoja, sauti ya Mzee ikichelewa kidogo, na kwenye tatu wakainuka. Ngumi ya kushoto ilizunguka shingo ya mwanawe, ikabaki imefumbwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeiuliza.