Pengo katika Insha ya Bupe

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Mwalimu Tusekile alifuta beseni la kisawiri, mashine ya kugeuza maneno kuwa picha, kwa kitambaa laini, akalijaza maji, kisha akakisomea aya ileile ya kutengeneza chai. Alikuwa ameiandika mwenyewe, fupi, isiyo na madaha. Maji yalianza kutoa ukungu mweupe, na ndani ya ukungu huo vitu vikajiunda kadiri alivyovitaja: jiko, sufuria, maji yanayotokota, majani makavu yakizama na kuacha rangi. Alizipenda dakika hizo. Nje, ukungu wa Tukuyu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, na mashine za kuchuma zilipita humo polepole kama kondoo wanaolisha. Ndani alikuwa na ukungu wake mdogo, mtiifu, usiojua chochote isipokuwa ulichoambiwa.

Siku hiyo alisoma mpaka mwisho, akanyamaza. Mkono ukatokea ndani ya ukungu. Ukachota sukari, ukatia, ukachota tena, ukakoroga.

Tusekile aliitazama karatasi yake. Hapakuwa na sukari. Hapakuwa na mkono.

Akabonyeza kitufe cha kuwaita mafundi. Sauti ya Fundi Gwakisa ilijibu kutoka ofisi ya wilaya, mdomo ukiwa umejaa andazi.

"Mwalimu, hukusoma taarifa? Tumekiongezea akili. Siku hizi kinajiongeza."

"Kinajiongeza kufanya nini?"

"Kujaza panapopelea. Kinawajua sasa, majina yenu, nyumba zenu, hata chai mnavyoinywa. Mtoto akisahau kitu, chenyewe kinamalizia. Usipokipenda hicho kijazio kizime, kuna kitufe cheupe pale pembeni. Ila walimu wenzako wamefurahi sana. Insha zote zinatoka safi."

"Gwakisa, kazi yangu yote ni kuwafundisha hawa watoto wasimwachie msomaji ajiongeze."

"Basi utakosa kazi." Akacheka peke yake. "Natania, mwalimu."

Lakini Tusekile hakucheka. Kisawiri kilibuniwa kwa sababu hiyo hasa. Mwalimu akisoma insha ya maelezo ya mwanafunzi wake, tayari anamjua mtoto, anaujua mtaa wao, na jicho lake linaziba matundu bila yeye kuhisi. Kisawiri kilikuwa mgeni kamili. Mtoto akiandika, "Panda baiskeli, kisha kanyaga pedali," aliona ndani ya ukungu mtu akipanda, akikanyaga, na kuanguka kama gunia, maana hakuna aliyemwambia ashike usukani. Darasa lilicheka mpaka machozi. Baadaye mtoto alirudi kuandika upya, akimfikiria kwa mara ya kwanza mtu asiyejua anachokijua yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

Bupe alikuwa mlangoni, sweta limelowa mabegani.

"Marahaba. Umewahi. Umekuja na insha?"

"Nimekuja nayo."

Bupe alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma katika Chuo cha Anga, kwenye kituo kinachozunguka juu kabisa ya mawingu. Chombo kilikuwa kinaondoka jioni hiyohiyo. Alikuwa akiishi na babu yake tu, mzee ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo, na tangu siku hiyo mzee alipaswa kutunzwa na kilezi, mashine ya kuuguza wazee na wagonjwa. Zamani vilezi vilijifunza kwa kuwatazama watu wa nyumbani, vikajifunza na mengine: kusonya, kubamiza milango, kumnyang'anya mgonjwa kijiko. Kwa hiyo sheria ikabadilishwa. Kilezi kiliruhusiwa kutenda yaliyoandikwa tu, na maelezo hayo yaliandikwa na mtu anayemjua mgonjwa, yakapitishwa na mwalimu mbele ya kisawiri. Insha ya Bupe ilitakiwa iwe imepitishwa kabla ya adhuhuri. Isipopita, kilezi kisingeingia nyumbani, na Bupe asingeondoka.

Jana yake ilikuwa imekwama. Ukungu ulimwonyesha babu amekaa, bakuli mbele yake, mdomo ameufunga.

"Soma," Tusekile alisema.

Bupe akasoma. Alisoma namna ya kumwamsha mzee kwa kumgusa bega la kulia, kwa sababu la kushoto linamuuma. Alisoma habari za soksi zinazopashwa joto kwanza. Ukungu ukayafuata maneno yake yote vizuri. Kisha akafika kwenye chakula, na sauti yake ikashuka.

"Wakati wa kula ukifika, mketishe babu dirishani. Ataita. Baada ya hapo mpe uji taratibu, kwa kijiko cha mti."

Haya yalikuwa maneno ya jana, hakuyagusa. Ndani ya ukungu mzee aliketi dirishani, akafungua mdomo kuita. Na kutoka ukingoni mwa beseni akaja bibi kizee, kitenge begani, akichechemea kidogo mguu mmoja. Akaketi karibu na mzee, akachukua bakuli. Mzee akamtazama, akala.

Taa ya kijani ikawaka. Insha ilikuwa imekubaliwa.

"Bibi," Bupe alinong'ona.

Tusekile alimkumbuka bibi huyo. Alikuwa amehudhuria mazishi yake. Akabaki akiutazama ukungu, naye kwa kitambo alitamani kuuacha ulivyo. Taa imewaka. Angeweka muhuri, na mwanafunzi wake aliyempenda kuliko alivyothubutu kuonyesha angepanda juu ya mawingu. Lakini kilezi hakikuwa na bibi wa kumleta.

"Huyu hukumwandika, Bupe."

"Sikumwandika."

Tusekile akabonyeza kitufe cheupe. Bibi akayeyuka, kuanzia kitenge. Taa ikazimika. Mzee akabaki peke yake dirishani na bakuli linalopoa, mdomo ameufunga.

"Anaitaje?" Tusekile aliuliza. "Umeandika tu kwamba ataita."

Bupe alitabasamu kidogo. "Anaita, 'Mke wangu.' Tangu nikiwa mdogo. Si unajua utani wa mababu, mwalimu? 'Mke wangu, umeniwekea nini leo?' Namjibu, 'Abee, mume wangu, nimekuwekea mawe.' Anacheka mpaka anakohoa."

"Na sasa?"

"Sasa hatanii." Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Anaangalia mlangoni kabisa. Anamwita bibi. Nikiitika, 'Abee, mume wangu,' ndipo anakula. Nisipoitika hali kitu. Anasubiri."

Maji ya beseni yalitoa sauti ndogo, kama ya mtu anayepumua usingizini.

"Hiyo ni sentensi moja tu, binti yangu. Jana ulikaa hapa mpaka wenzako wakaondoka, na hukuiandika."

"Niliiandika, mwalimu. Nikaifuta. Nikaiandika tena."

Tusekile hakuwa hodari wa kuuliza watu mambo ya moyoni. Alitafuta swali, akalikosa, mwishowe akamwuliza lile analowauliza darasani kila wiki.

"Msomaji wako ni mgeni. Hakujui, hamjui babu. Ulitaka aelewe nini?"

Bupe aliikunja karatasi, akaikunjua.

"Kilezi kinaiga sauti yoyote," alisema. "Nikiandika, kitaitika. Kitaitika vizuri kuliko mimi. Hakitachoka, hakitakuwa na mafua, hakitachelewa kurudi kutoka shule. Babu atakula kila siku. Atanenepa."

"Hilo ni jema."

"Ni jema. Najua ni jema." Akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Nisipoandika, atakaa na njaa, na hilo siliwezi. Nitaandika. Nipe kalamu, nitaandika sasa hivi. Lakini umeniuliza nilitaka nini."

Tusekile alimpa kalamu, akasubiri. Bupe aliishika bila kuandika, macho yake kwa yule mzee wa ukungu aliyekuwa bado anautazama mlango.

"Nataka babu ale ashibe," Bupe alisema. "Ila nataka siku moja, hata siku moja tu, aite, na ajue kwamba sipo."