Mchanga wa Momanyi

Enyi watu wa kwetu, wa Mosocho na kote tunakozika wapendwa wetu, nisikilizeni.

Boma la mzee Thadeus lilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Kila asubuhi alichuma majani chai pamoja na Momanyi, wakitaniana nani ana mikono mizito. Momanyi aliingia boma lile akiwa mgongoni mwa mamake, Nyamoita, siku alipoolewa. Majirani walipochokonoa, Thadeus aliwakatiza: "Huyu ni damu yangu. Mnataka nini tena?"

Kisha Thadeus akaugua, akafa.

Binti yake Joyline, mwenye stashahada na maringo yake, ndiye aliyeandika ratiba ya mazishi. Katika ukoo ule, anayetupa mchanga kaburini kwa baba ndiye mwana wa boma, na akiwa wa kiume shamba humfuata; asipokuwepo, huenda kwa ndugu wa marehemu.

"Andika wote watatupa," Nyamoita alimwambia.

Joyline akataka kuipamba ratiba kwa yale maneno ya babake kuhusu damu. Akaandika mbiombio kwenye simu: Watoto wake ambao ni damu yake watatupa mchanga.

"Nisomee kwanza, mwanangu."

"Mama, duka la kuchapisha linafungwa! Wewe shughulika na wapishi."

Njiani aliona kwamba hakuweka mikato. Kanuni aliijua vizuri. Akacheka peke yake: nani huhesabu koma matangani? Enyi wenzangu, kuna mtu huhesabu. Ni yule mwenye haja.

Kaburini, Ogeto, mdogo wa marehemu, alisoma ratiba kwa sauti, akairudia polepole. "Ambao ni damu yake. Basi wapo wasio damu." Momanyi alikuwa tayari ameshika mchanga. "Wewe ngoja," Ogeto akamzuia.

"Baba mdogo, tata, baba yangu mwenyewe, alisema..." Momanyi akaanza.

"Mwache tata yako alale. Msomi wetu, haya uliandika wewe?"

"Ndiyo," Joyline akajibu.

"Ulikosea?"

Watu wote walimgeukia, wakiwemo wale aliosoma nao.

"Mimi sikosei kuandika," akasema.

Majembe yakaanza kufukia kaburi. Ndipo Joyline alipoliona jicho la mamake, akapiga kelele: "Niliacha mikato! Nilimaanisha sisi sote!"

"Leo koma zimekuja kutoa ushahidi?" Ogeto akauliza, na kicheko kikapita kwenye mahema.

Nyamoita alimshika mkono shemeji yake, akamsihi, akapiga magoti. Ogeto akamwinua kwa upole na kumkalisha kitini, kama mtu anayeondoa kiti njiani. Joyline alibaki amesimama. Alikuwa na maneno mengi, lakini hakuna aliyeyataka.

Momanyi alifungua vidole. Mchanga ukamwagikia viatu vyake mwenyewe.

Siku hizi majani ya Thadeus huchumwa na wana wa Ogeto. Momanyi anabeba ndizi za watu sokoni Suneka. Joyline akimpigia simu hupokea, humsalimu vizuri, basi.

FUNZO

Maelezo ambayo sentensi ingesimama bila hayo, yazungushie mikato pande zote mbili. Maelezo yanayochagua nani yumo na nani hayumo, usiyatenge kwa mkato. Ukimaliza, wasomee wanaohusika kabla hujachapisha. Lakini mkato haukumfukuza Momanyi. Alifukuzwa na tamaa ya Ogeto, na ikafunguliwa mlango na dada aliyeona haya kusema "nilikosea" wakati neno hilo lilipokuwa bado na kazi.