Talaka ya Verna Iko Kaunti Gani?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupika shuleni, Verna Tibbets alipitia kwa mchumba wake, Orrin Blasko, kuhakikisha amemeza dawa. Orrin alikuwa fundi wa matrekta na mbishi kupindukia. Daktari alimkataza kunyanyua vitu vizito. Jumatatu moja Verna alimkuta amekumbatia boga kubwa kama mtoto mchanga.

"Orrin! Weka chini hilo boga!"

"Nalipeleka barazani tu."

"Moyo wako haujui baraza wala sebule. Weka chini!"

Orrin alilitua, akacheka. Kisha akawa mpole ghafla. "Verna, Jumanne ijayo nafanyiwa upasuaji kule Buffalo. Nataka niingie nikiwa mume wako. Tusikose kibali cha ndoa leo."

"Tutakikosaje? Harusi ni Jumamosi, ukumbi wa kikosi cha zimamoto tumepewa, kuku wa kuchoma wameagizwa. Kibali ni dakika kumi."

Dakika kumi! Laiti angejua.

Mchana walikwenda pamoja kwa Hattie, karani wa mji wao. Dirisha la Hattie ni lile lile la leseni za mbwa. Walisubiri mtu mmoja asajili mbwa wake, kisha wakasogea.

"Hatimaye!" Hattie alisema. "Orrin, cheti cha kifo cha marehemu mkeo unacho? Vizuri. Verna, wewe uliwahi kuolewa."

"Na Lyle. Tuliachana miaka ishirini na sita iliyopita."

"Basi nipe hukumu ya talaka."

Verna alitoa karatasi za rangi ya njano, alizozitunza ndani ya kopo la biskuti. Hattie alizisoma kwa kuinamisha miwani. Akasoma tena.

"Huu ni mkataba wa kutengana, mpenzi. Mmeandika nani achukue friji na nani achukue gari. Jaji simwoni hapa."

"Lakini tulisaini! Mbele ya wakili!"

"Mlisaini kugawana vitu. Talaka hutolewa na jaji, na jaji huacha karatasi yake."

Verna alizivuta karatasi zake, akazitazama upya. "Kwa hiyo mimi bado ni mke wa Lyle?"

"Sijasema hivyo. Nimesema karatasi hii haisemi." Hattie alimwonea huruma. "Nenda kwa karani wa kaunti. Niletee hukumu yenye mhuri. Na usichelewe, maana nikitoa kibali, ni lazima zipite saa ishirini na nne kabla ya kufunga ndoa. Mwisho ni Ijumaa asubuhi."

Jumanne Verna aliomba ruhusa kazini. Alikwenda kwa karani wa kaunti yake, kaunti ya Wendover, kwa sababu ndiko alikoishi miaka yote. Karani kijana alitafuta jina lake. Hakuna. Akatafuta jina la Lyle. Hakuna.

"Tafuta tena, tafadhali. Labda mmekosea herufi."

"Nimetafuta mara tatu, mama. Talaka yako haipo hapa."

Verna alirudi kwenye gari, akakaa bila kuliwasha. Alijaribu kumkumbuka jaji. Hakumkumbuka jaji yeyote. Alikumbuka ofisi ya wakili, kalamu ya bluu, na Lyle akiuliza kama kuna choo. Je, inawezekana hawakuachana kabisa? Je, miaka yote ile alikuwa mke wa mtu bila kujua? Mawazo yalimvuruga hata akasahau njia ya kwenda nyumbani, akapita nyumba yake mwenyewe.

Jumatano akapata wazo jingine. Harusi yake na Lyle ilifungwa kaunti ya mama yake. Bila shaka talaka imefuata harusi! Aliendesha gari saa moja na nusu. Karani wa huko alimsikiliza, akapekua, akatabasamu.

"Kibali chako cha ndoa tunacho, kizuri kabisa. Talaka hatuna."

"Kwa hiyo mna mwanzo lakini hamna mwisho?"

"Ndiyo, mama. Talaka haiifuati ndoa. Inakaa pale kesi ilipofunguliwa."

"Na kesi ilifunguliwa wapi?"

"Hilo unalijua wewe."

Verna angependa kulia, ila alikuwa na hasira mno.

Jioni alimkuta jirani yake, Dolores Pruitt, akikusanya majani makavu uani. Kabla ya kustaafu, Dolores kwa miaka thelathini alifanya kazi ya kupekua majalada ya viwanja na nyumba katika ofisi za kaunti mbalimbali. Verna alimweleza yote, mwisho kabla ya mwanzo, na Lyle katikati.

"Pole pole, shoga," Dolores alisema. Aliegemeza reki yake kwenye uzio. "Nani alifungua kesi, wewe au Lyle?"

"Sijui. Wakili alituambia saini hapa, saini pale."

"Basi kila uendako waambie watafute majina yote mawili. Na wakili wenu yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Sasa sikiliza. Jimbo letu hili la New York, hukumu ya talaka huhifadhiwa na karani wa kaunti ambako kesi ilifunguliwa. Si lazima iwe mlikooana. Si lazima hata iwe mlikoishi. Mawakili wengine walikuwa wanapeleka kesi kaunti ya tatu kabisa, kama mahakama ya huko haina foleni."

"Bila kutuambia?"

"Waliwaambia. Iliandikwa kwenye karatasi mlizosaini bila kusoma."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma.

"Idara ya afya ya jimbo, inayosajili vizazi na vifo, nayo ina cheti cha talaka," Dolores aliendelea. "Kinaonyesha kaunti. Ila ukiomba kwa posta utasubiri wiki kadhaa."

"Sina wiki. Nina kesho tu! Nenda wewe basi, Dolores, unazijua hizo ofisi zote. Ukatafute kila mahali."

"Hawatanipa. Jalada la talaka ni siri. Hupewa waliotalikiana wenyewe au mawakili wao, tena kwa kitambulisho." Dolores alimtazama. "Lyle alioa tena?"

"Alioa. Yule Marcy."

"Basi naye aliulizwa hukumu kama ulivyoulizwa wewe. Lyle anajua iko wapi."

"Simpigii Lyle! Hatujasemezana miaka ishirini na sita!"

"Sawa. Mwambie Orrin kwamba aibu imekushinda."

Verna alimwangalia kwa jicho kali. Kisha akaingia ndani, akapiga simu. Mwanamke ndiye aliyepokea.

"Ni Verna," alisema kwa sauti ndogo. "Verna wa zamani."

Sauti ya yule mwanamke ikapaa: "Lyle! Mkeo wa kwanza!"

Lyle alifika akihema. "Verna? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Lyle, hivi mimi na wewe tuliachana?"

"Mungu wangu, natumaini! Marcy yuko hapa amesimama na mwiko."

"Talaka yetu iko kaunti gani?"

"Si Tamarack? Wakili wetu alikuwa anapeleka zote kule. Jaji wa kule alikuwa hachelewi. Ngoja." Droo zilisikika zikifunguliwa. "Ndiyo, Tamarack. Andika namba ya jalada."

Verna aliandika, akamsomea tena kuhakikisha. "Asante, Lyle."

"Unaolewa?"

"Jumamosi."

"Na nani?"

"Orrin Blasko."

"Yule fundi wa matrekta? Mtu mzuri yule. Kila la heri, Verna."

Verna alishangaa kwamba maneno hayo yalimgusa.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni pa karani wa kaunti ya Tamarack. Alisema kama Dolores alivyomfundisha: "Naomba nakala ya hukumu ya talaka, iliyothibitishwa kwa mhuri. Mimi ni mmoja wa waliotalikiana. Majina yote mawili ni haya, mwaka ni huu, namba ya jalada ni hii."

Karani, mama mwenye sweta la kijani, alikagua leseni yake ya udereva. Akampa fomu, akapokea ada ndogo, akaenda nyuma. Alirudi na jalada jembamba.

"Watu wengi huja hawajui hata mwaka," alisema. "Wewe umenipunguzia kazi."

Alitoa nakala, akaikandamizia mhuri. Verna alipitisha kidole juu ya alama yake. Saini ya jaji ilikuwepo, na tarehe ilikuwepo. Ndoa ilikuwa imevunjwa tangu zamani zile, na yeye alikuwa huru siku zote hizo. Alikaa kwenye benchi la korido, akalia kidogo, akajifuta.

Ijumaa asubuhi Hattie aliisoma hukumu yote. "Sasa jaji ninamwona," alisema, akawapa kibali. Dolores naye alimwandikia Verna jina la kaunti na namba ya jalada kwenye kadi. "Nakala ikipotea, usianze tena kuzunguka," alimwambia. Jumamosi mchana, ndani ya ukumbi wa zimamoto, Verna na Orrin walifunga ndoa. Kuku walitosha, viazi vikapungua.

Jumanne Verna alikaa saa sita kwenye kiti cha hospitali. Hatimaye muuguzi alitoka, akasema upasuaji umekwenda vizuri. Mgonjwa ameanza kuamka, ila kwa sasa anaruhusiwa kuingia mtu mmoja tu wa karibu.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi aliuliza.

Wiki iliyopita Verna hakujua yeye ni mke wa nani. Sasa hakusita.

"Mke wake."

Alipoingia, muuguzi nyuma yake akasema, "Mkeo huyu hapa," na Orrin akafumbua jicho moja.

"Ni kweli," alimnong'oneza muuguzi. "Karatasi anayo."