Jembe Lililomuua Doa

Ladislaus na mkewe Restituta ni wakulima wa kahawa katika kijiji cha Mapera. Walikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Doa.

Asubuhi moja Doa alizaa ndama jike. Lakini hadi alasiri kondo la nyuma lilikuwa bado linaning'inia.

"Baba alikuwa anafunga jembe," Ladislaus alisema. "Uzito unalivuta."

"Na ng'ombe wa baba yako walipona?" Restituta aliuliza.

"Wengine."

Alichukua jembe lisilo na mpini, akalifunga kwenye kondo kwa kamba. Doa alitembea, jembe likimgonga miguu. Jioni kondo lilikatika. Ladislaus alimcheka mkewe.

Siku ya nne Doa alikataa majani. Alitetemeka, akatoa harufu mbaya. Restituta alimpigia simu Herieth, afisa mifugo. Alikuja kwa bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mponye, mwanangu."

Herieth alivaa glovu ndefu, akampima Doa.

"Mlivuta kondo?"

"Jembe ndilo lilivuta."

"Mzee, kondo la ng'ombe limeshikana na mji wa mimba mahali pengi, kama vifungo vya shati. Akishazaa, mji wa mimba hujikaza na kusinyaa. Vifungo huachia kimoja kimoja. Jembe halifungui vifungo. Linachana shati. Kipande kilichobaki ndani kimeoza."

"Atapona?"

"Nitamchoma sindano. Lakini mmechelewa kuniita."

Doa alikufa Jumapili, watu wakiwa kanisani. Walimzika, maana nyama ile haikufaa kuliwa. Ndama alilia siku tatu. Restituta alimlea kwa maziwa ya jirani. Ladislaus hakuweza kumtazama.

Baada ya miaka mitatu, ndama yule naye alizaa. Kondo likaning'inia. Ladislaus alisogea karibu.

"Usiguse," alisema Restituta.

"Sigusi."

Walimpigia simu Herieth, akawaambia, "Ndama anyonye sasa hivi. Kunyonya kunasaidia mji wa mimba kujikaza. Msivute, msifunge kitu. Ikifika jioni bado, niiteni."

Ladislaus alikaa zizini, kofia magotini. Hakula mchana. Saa tisa kondo lilidondoka lenyewe, zima.

"Kumbe ilikuwa kusubiri tu," alisema.

Alilichukua jembe lile lile, akalitia mpini. Akachimba shimo refu ili mbwa wasifukue, akalizika kondo karibu na Doa.